PHP na seva ya kashe: kazi yote iko kwenye koneksheni

Jamani habari za mchana, na mliosimama kule nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Leo naongelea kitu kimoja tu, jinsi PHP inavyoongea na seva ya kashe, yaani seva inayokumbuka majibu ili databesi isiulizwe kila mara, na najua wengi mkisikia hivyo mnasema mbona hiyo rahisi, unaweka get, unaweka set, kazi imeisha. Kweli get na set ni rahisi, mtu anajifunza asubuhi mchana anatumia. Kinachoangusha saiti za watu ni hatua ya kabla ya hapo, ile ya kuunganika, na ndo maana nimekuja. Ukiandika kodi ya kashe jiulize kwanza, hii seva ikizima sasa hivi mteja wangu ataona nini? Ukiwa na jibu zuri la hilo swali mengine yote yanafuata, ukiwa huna jibu basi umeongeza kitu kingine cha kukuamsha usiku.

Nitatumia Memcached kama mfano kwa sababu ni ndogo, unaweza kuishika yote kichwani, Redis, seva nyingine ya aina hiyo, nitaigusa mbele. Memcached aliianzisha Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, saiti ya watu kuandika shajara zao mtandaoni, databesi ilikuwa inaelemewa na watu wanaosoma vitu vilevile mara elfu. Mwanzo aliiandika kwa Perl, baadae Anatoly Vorobey akaiandika upya kwa C. Inachofanya ni kukaa kwenye RAM, inapokea ufunguo na thamani, inakurudishia ukiomba, basi. Haiandiki kwenye diski, ukiirestati imesahau kila kitu, RAM ikijaa inatupa vya zamani ipokee vipya. Na hiyo sio kasoro, ndo ilivyotengenezwa, kwa iyo kitu chochote unachokiweka mule uwe unaweza kukipata tena sehemu nyingine.

Fikiria siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nchi nzima inasoma kurasa zilezile ndani ya masaa machache, wazazi, walimu, watoto wenyewe, na ukurasa wa shule fulani haubadiliki kati ya mtu wa kwanza na mtu wa elfu kumi. Hiyo ndo kazi ya kashe haswa. Databesi inaulizwa mara moja, wengine wote wanasomewa kutoka kwenye RAM.

Sasa kwa nini PHP inahitaji seva ya pembeni, kwa nini isiweke tu kwenye variabo? Kwa sababu PHP inaanza upya kila ombi. Mtu anafungua ukurasa, skripti inaamka, inafanya kazi yake, inakufa, na kila kitu ilichokuwa nacho kinakufa nayo. Lugha zingine programu inakaa hai masaa na siku, unaunganisha mara moja asubuhi unasahau. PHP hapana, na hapo ndo chanzo cha karibu kila tatizo nitakalosema leo, kila ombi linajiuliza upya seva ya kashe iko wapi na kama iko hai.

Kabla hamjagusa PHP kabisa, ongeeni na Memcached kwa mkono. Hii nawaomba sana, kwa sababu nikiona mtu anahangaika siku mbili na kodi yake wakati seva yenyewe haijawaka naumia. Fungua teminali andika telnet 127.0.0.1 11211, hiyo 11211 ndo poti yake ya kawaida. Ikikubali andika hivi, wewe unaandika mstari wa set, jambo la kwanza na get, mingine ni majibu ya seva:

set salamu 0 60 5
jambo
STORED
get salamu
VALUE salamu 0 5
jambo
END

Ile sifuri ni flegi, 60 ni sekunde za kuishi, 5 ni idadi ya baiti za neno jambo. Ukikosea hesabu ya baiti inakukatalia. Hiyo ndo itifaki nzima, maandishi tu, na PHP huko chini inafanya kitu hichohicho kwa niaba yako. Andika na stats uone orodha ndefu, tutaihitaji mbele. Ukiona STORED kwenye teminali alafu PHP inagoma, umeshajua tatizo liko upande gani, hapo umeokoa muda wako.

Kwenye PHP kuna ekstensheni mbili zenye majina yanayochanganya kweli, moja inaitwa memcache nyingine memcached, tofauti ni herufi d mwishoni. Ile ya kwanza ni ya zamani, ya pili inatumia laibrari ya C inayoitwa libmemcached na ndo nashauri kwa kazi mpya. Sio majina tu, tabia zao kwenye kuunganika ni tofauti. Ya zamani ina connect, ukiiita inaenda kuunganika saa hiyohiyo, ikishindwa inakwambia false. Mpya ina addServer, na addServer haiunganiki popote. Nasema tena, addServer haiunganiki. Inaandika tu kwenye orodha yake kwamba kuna seva mahali fulani, inakurudishia true, unaendelea na maisha. Unaweza ukaandika anwani ya uongo kabisa ukapata true. Koneksheni yenyewe inafunguliwa pale unapoomba kitu mara ya kwanza.

Kwa iyo ile kodi ambayo watu wengi wanaandika, if addServer basi echo "imeunganishwa", haipimi chochote. Ukitaka kujua kweli iita getVersion au getStats, hizo zinakwenda hadi kwenye seva na kurudi.

Na ukiita get, usiangalie thamani peke yake. get inarudisha false kitu kikiwa hakipo, inarudisha false seva ikiwa imekufa, na inarudisha false kama wewe mwenyewe ulihifadhi false. Matatu tofauti kabisa, jibu moja! Ndo maana baada ya get unaangalia getResultCode. Ikiwa Memcached::RES_NOTFOUND, ambayo ni namba 16, maana yake seva ni nzima ila hicho kitu hakipo, nenda databesi ukakilete alafu ukihifadhi. Ikiwa RES_SUCCESS tumia ulichopata hata kama ni false. Ikiwa kitu kingine chochote ujue ni hitilafu, chukua getResultMessage iandike kwenye logi, nenda databesi, na kwenye ombi hilo usijaribu tena kuhifadhi, unapoteza muda kubisha kwenye nyumba ambayo haina mtu. Wengi hawaandiki hiyo logi na ndo unakuta saiti inaenda wiki nzima bila kashe, polepole, kila mtu analaumu databesi.

Sasa tuje kwenye koneksheni za kudumu, hapa nitakaa kidogo.

Kama kila ombi linafungua koneksheni mpya ya TCP na kuifunga, trafiki ikiwa ndogo hutaona kitu. Ikipanda utaona. Linux kwa kawaida ina poti kama 28,000 za kutokea, kuanzia 32768 hadi 60999, na koneksheni ikifungwa upande wako ile poti inakaa kwenye hali ya TIME_WAIT sekunde 60 kabla haijatumika tena. Gawanya 28,000 kwa 60, unapata kama 470. Yaani mashine moja ikizidi koneksheni mpya 470 kwa sekunde kwenda kwenye seva moja ya kashe na poti moja, na hujagusa mipangilio ya kernel, unaanza kuona ujumbe "Cannot assign requested address", na watu wanahangaika kuongeza RAM wakati RAM haina kosa lolote.

Dawa ni kuipa ekstensheni jina la koneksheni ya kudumu, hivi:

$m = new Memcached('matokeo');
if (count($m->getServerList()) === 0) {
    $m->setOption(Memcached::OPT_CONNECT_TIMEOUT, 50);
    $m->setOption(Memcached::OPT_LIBKETAMA_COMPATIBLE, true);
    $m->addServer('10.0.0.5', 11211);
}

Hilo neno 'matokeo' ndo kitambulisho. Prosesi ya FPM, ile programu inayoendesha skripti za PHP nyuma ya seva ya wavuti, ikimaliza ombi haifungi koneksheni, ombi linalofuata kwenye prosesi hiyohiyo linaikuta. Na hiyo if mnayoiona msiione ni pambo, ndo moyo wa hii kodi. Kwa sababu koneksheni ni ya kudumu na orodha ya seva nayo ni ya kudumu, ukiita addServer kila ombi bila kuuliza orodha ina nini, seva ileile inaongezwa tena na tena, prosesi ikishahudumia maombi elfu una orodha ya elfu, zote ni 10.0.0.5, RAM inapanda na hujui inatoka wapi.

Ila koneksheni za kudumu zina hesabu yake pia. Chukua idadi ya mashine zako za wavuti zidisha na pm.max_children ya FPM, yaani idadi ya juu ya prosesi. Mashine 6, kila moja prosesi 200, hiyo ni koneksheni 1,200. Memcached kwa kawaida inakubali 1,024. Umeona? Siku ya kawaida prosesi hazijajaa uko salama, siku ya kilele zote zinaamka na 176 zinakosa nafasi, na inatokea siku ile ambayo kashe inahitajika kuliko siku zote. Unaongeza kwa -c 4096 ukiwasha Memcached, alafu kwenye ile stats unachunga curr_connections, na unaangalia listen_disabled_num na rejected_connections kama zinapanda. Zikipanda umegonga ukuta.

Tuje kwenye taimauti, hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko sehemu nyingine zote.

Kuna kushindwa kuunganika kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni "Connection refused". Mashine iko hai ila hakuna programu inayosikiliza kwenye ile poti, kwa iyo kernel inajibu papo hapo, hapana. Ya pili ni ukimya. Mashine imezima umeme, au kuna fayawoli katikati inayotupa paketi bila kujibu. Ni kama kubisha hodi, kwenye ile ya kwanza mtu anakujibu kutoka ndani kwamba mwenyewe hayupo, unaondoka, kwenye ya pili hakuna sauti na wewe umesimama mlangoni. Ya kwanza inakugharimu sehemu ndogo ya milisekunde. Ya pili inakugharimu taimauti nzima uliyoweka, na kama hukuweka, inakugharimu aliyoiweka mtu mwingine.

Na sasa angalia kinachotokea. Prosesi 200, kila ombi linakaa sekunde moja likingoja seva ambayo haijibu, zamani ombi zima lilikuwa linaisha ndani ya milisekunde 50. Prosesi moja iliyokuwa inamaliza maombi 20 kwa sekunde sasa inamaliza pungufu ya moja. Foleni inajaa, Nginx, seva ya wavuti iliyoko mbele, inachoka kungoja inaanza kutoa 504, saiti imekufa, na databesi iko pale imekaa haina kazi! Databesi nzima kabisa, data zipo zote, saiti imeuliwa na kitu kilichowekwa ili kuisaidia. Hii inaniuma kila nikiiona kwa sababu dawa yake ni mstari mmoja wa kodi.

Kwa iyo weka taimauti fupi. Kashe iliyoko kwenye mtandao wa ndani, datasenta hiyohiyo, inajibu kwa pungufu ya milisekunde moja, sasa unangoja sekunde nzima kwa nini? Milisekunde 50 ni nyingi za kutosha. Ila angalieni vipimo maana hapa ekstensheni haijatutendea vizuri, OPT_CONNECT_TIMEOUT na OPT_POLL_TIMEOUT ni milisekunde, OPT_SEND_TIMEOUT na OPT_RECV_TIMEOUT ni maikrosekunde, alafu OPT_RETRY_TIMEOUT ni sekunde kamili. Ukiandika 50 kote ukidhani zinafanana, moja ni milisekunde 50, nyingine ni moja ya elfu ishirini ya sekunde ambayo haitafanikiwa hata seva ikiwa nzima, na ya tatu inakataa kurudi kwenye seva karibu dakika nzima. Soma nyaraka ya kila moja kabla ya kuiandika.

Ukitumia Redis kupitia ekstensheni yake ya phpredis ni hivyohivyo, connect inapokea hosti, poti, na taimauti, na hapo taimauti ni sekunde lakini unaweza kuandika 0.05. Usipoiweka inafuata default_socket_timeout ya PHP, ambayo kawaida ni sekunde 60. Dakika nzima! Hakuna mteja Tanzania wala popote atakaengoja ukurasa dakika nzima kwa bando lake mwenyewe.

Kuna vikwazo vingine nitavipitia haraka. Skripti inaunganika ukiiendesha kwenye teminali, kwenye brauza inagoma. Kwanza angalia php.ini, teminali na FPM zina faili tofauti, inawezekana ekstensheni imewashwa upande mmoja tu, andika phpinfo ndani ya ukurasa wenyewe usiamini php -m. Pili kama uko kwenye Red Hat, CentOS au ndugu zake, SELinux, ule ulinzi wa ndani ya Linux, inazuia seva ya wavuti kutoka nje kwenda kwenye Memcached, na utaona "Permission denied" wakati fayawoli iko wazi kabisa. Unawasha httpd_can_network_memcache kwa setsebool -P, imeisha. Nawaomba msizime SELinux nzima kwa sababu ya mlango mmoja. Tatu, localhost. Kwenye mashine nyingi localhost inatafsiriwa kuwa ::1 kwanza, ile ya IPv6, na Memcached yako inasikiliza 127.0.0.1 pekee, andika 127.0.0.1 uondoe utata.

Umbali nao. Vijana wengi hapa tunahosti Ulaya, na sioni ubaya, bei ni nzuri. Tangu nyaya za chini ya bahari zije, SEACOM ifike Dar na Mombasa 2009 na EASSy mwaka uliofuata, mambo yamekuwa mepesi mno ukilinganisha na enzi za setilaiti. Lakini mwanga ndani ya nyuzi una mwendo wake, kutoka hapa hadi Ulaya na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100 na hakuna bando litakalobadilisha hilo. Kwa iyo usije ukaweka PHP kwenye mashine ya ofisini Dar na kashe kwenye klaudi Frankfurt. Ukurasa unaoomba vitu 40 kimoja kimoja ni sekunde 4 za kusafiri tu. Kashe ikae jirani na PHP, ukiweza mashine za rafu moja. Na hata zikiwa jirani, badala ya get 40 tumia getMulti, safari moja.

Seva zikiwa zaidi ya moja, jueni kwamba Memcached zenyewe hazijuani. Hakuna klasta mule. Ni PHP yako ndo inaamua ufunguo huu uende wapi, inachukua hashi ya ufunguo, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo, na kwa kawaida inaigawa kwa idadi ya seva, salio ndo namba ya seva. Sasa una seva 3 ukaongeza ya 4. Chukua hashi 0 hadi 11 ufanye mwenyewe kwenye karatasi, gawa kwa 3, gawa kwa 4, linganisha masalio. Yanafanana kwa 0, 1 na 2 tu. Tatu kati ya kumi na mbili. Yaani robo tatu ya kashe yako imehama ghafla, databesi inapokea mafuriko dakika ileile uliyoongeza seva ili kuipunguzia mzigo. Hiyo OPT_LIBKETAMA_COMPATIBLE niliyoweka kule juu ndo inatibu hili, inatumia mgao ambao ukiongeza seva ya nne inahama kama robo tu. Mgao huo unaitwa Ketama, ulitengenezwa na watu wa Last.fm, 2007. Na mashine zako zote za wavuti ziwe na orodha ileile na mipangilio ileile, mashine moja ikiwa tofauti inasoma sehemu nyingine na kuandika sehemu nyingine, bagi ya hivyo inachukua muda mrefu sana kuipata.

Usalama sitaki kuwatisha ila lazima niseme. Memcached ukiiwasha kawaida haina nywila. Anayefikia poti anasoma kila kitu, anafuta kila kitu. Februari 2018 GitHub walipigwa na shambulio la terabiti 1.35 kwa sekunde, na silaha ilikuwa seva za Memcached za watu wa kawaida duniani zilizoachwa wazi kwenye intaneti kupitia UDP, njia ya kutuma paketi bila kuunganika kwanza. Mshambuliaji anatuma ombi la baiti 15 akijifanya yeye ni GitHub, seva inajibu hadi kilobaiti 750 kwenda GitHub. Wenye seva hizo wala hawakujua. Toleo la 1.5.6 likazima UDP kuwa ndo kawaida. Kwa iyo -l 127.0.0.1 kama ni mashine moja, au IP ya mtandao wa ndani kama ni nyingi, fayawoli iruhusu mashine zako za wavuti tu, na -U 0 kama una toleo la zamani.

Dada pale ameuliza kwa nini vitu vyake vinapotea mara tu anapoviweka ingawa koneksheni ni nzima na set inarudisha true, na ameweka viishi siku 60. Swali zuri na jibu lake wengi hawalijui. Muda wa kuishi ukiwa hadi siku 30, sekunde 2,592,000, Memcached inauhesabu kuanzia sasa. Ukizidi hapo inauchukulia kuwa ni tarehe kamili ya Unix. Siku 60 ni sekunde 5,184,000, na hiyo kama tarehe ni tarehe 2 Machi 1970. Kimeshakufa zamani. Andika time() jumlisha sekunde zako itakuwa sawa, ingawa dada yangu kitu cha siku 60 kwenye kashe sijui kama unakihitaji, nadhani saa moja ingekutosha.

Kaka wa shati jeupe ameuliza kitu kikiisha muda na watu mia tano wanakiomba kwa pamoja inakuwaje. Inakuwa hivyo unavyoogopa, wote mia tano wanaenda databesi. Facebook waliandika kuhusu hili 2013, wao waliifanya seva yenyewe impe mmoja ruhusa ya kwenda kuleta na wengine wangoje kidogo. Sisi tunaweza kufanya karibu na hapo kwa add, add inafanikiwa kama ufunguo haupo tu, kwa iyo anaefanikiwa kuweka ufunguo wa kufuli wa sekunde 10 ndo anaenda databesi, waliobaki wanapewa nakala ya zamani. Na usiweke vyote viishe dakika moja, ongeza sekunde za kubahatisha.

Wa shared hosting, nimewasikia. Wengi hamna Memcached mule na huwezi kuiweka. Angalia kama wamewasha APCu, hiyo inakaa ndani ya mashine hiyohiyo kwenye kumbukumbu ya PHP, haina koneksheni kabisa kwa iyo nusu ya mambo ya leo hayakuhusu. Haivuki kwenda mashine nyingine, lakini wewe una moja.

Redis au Memcached? Kama ni kuhifadhi kurasa na majibu ya databesi tu, yoyote. Ukihitaji foleni, orodha, kuhesabu walioko mtandaoni, Redis ya Salvatore Sanfilippo, ipo tangu 2009, poti 6379. Walibadilisha leseni 2024 na ndo ikazaliwa Valkey chini ya Linux Foundation, kwa PHP koneksheni ni ileile. Ila ukitumia pconnect, ile koneksheni ya kudumu ya phpredis, usichezee select, amri ya kuhama kati ya databesi za namba ndani ya Redis, ombi moja likihamia databesi namba 3 likaondoka bila kurudi, ombi linalofuata kwenye koneksheni hiyo linajikuta namba 3 na halijui, linasoma data ambazo sio zake. Tumia kiambishi mwanzoni mwa funguo badala ya namba.

Sesheni za kulogin msiweke kwenye Memcached kama huwezi kuvumilia watu wote kutolewa siku ikirestatiwa. Ukivumilia, session.save_handler ni memcached na njia ni 10.0.0.5:11211 tupu, ile ekstensheni ya zamani ndo inataka tcp:// mbele.

Haya, maneno yametosha, fungueni laptopu. Mashine mbili za majaribio ziko kwenye mtandao wa ukumbi, moja ina PHP nyingine Memcached. Kwanza tutazima Memcached kwa systemctl stop na kupima ukurasa unachukua muda gani, hapo mtaona refused. Alafu tutaiwasha tena na kuweka iptables -A INPUT -p tcp --dport 11211 -j DROP, tupime tena ukurasa uleule bila kubadilisha kodi, kila mtu aandike sekunde zake alizopata. Kisha tunaweka ile taimauti ya 50 na tunapima mara ya tatu. Mkimaliza futeni ile sheria kwa -D ili kundi linalofuata walikute poti liko wazi.